Msituharakishe kuandika Me au Ke: barua ya wazi kutoka Buchosa

Mheshimiwa Waziri wa Afya, waganga wakuu wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na ninyi mnaoshika mihuri ya vyeti vya kuzaliwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Miaka 29 nimezalisha katika zahanati ya kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, upande wa Buchosa, na waliopita mikononi mwangu sasa wananiletea wajukuu. Sijawahi kuandikia gazeti wala mkubwa yeyote. Leo naandika kwa ajili ya herufi mbili nilizoziandika kwa mkono wangu usiku mmoja wa Agosti 2019, ambazo mpaka sasa zimegoma kufutika.

Rejesta ya wazazi, ile ya MTUHA (mfumo wa kumbukumbu za vituo vya afya) namba 12, ina safu ya jinsi ya mtoto. Unaandika Me kwa wa kiume au Ke kwa wa kike, unasonga mbele. Usiku huo ilikuwa yapata saa nane, taa ya sola imeanza kufifia, na wajawazito wengine wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri zamu. Mtoto alilia vizuri. Nikamfuta, nikampima, kilo 3.2. Nilipomfunua miguu nikaona kitu kama uume mdogo ulioinama, tundu la mkojo likiwa chini kwenye shina badala ya kuwa kwenye ncha. Mfuko wa korodani ulikuwapo, umekunjamana kama wa mtoto yeyote wa kiume, lakini nilipoupapasa sikugusa kitu. Nikapapasa kwenye kinena, kulia na kushoto. Hamna.

Nilijua kuna jambo. Ila bibi wa mtoto alikuwa mlangoni na ameshauliza mara tatu, "Mwanangu nesi, tumepata nini?" Swali hilo mkunga hajibu "sijui." Hatukufundishwa kulijibu hivyo. Nikasema wa kiume, bibi akapiga vigelegele, nami nikaandika Me.

Mtoto huyo nitamwita Shija. Familia yake imeniruhusu kusimulia, na mambo kadhaa nimeyageuza wasije wakatambulika. Jina lenyewe sikulichagua ovyo. Kwa Wasukuma mtoto anayewafuata mapacha ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Mapacha wenyewe ni Kulwa na Doto, na hapo pia hakuna anayeuliza jinsi. Aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Wazee walikuwa na jina la kumpokelea kila mtoto kwa namna alivyokuja, na bibi yule alikuwa na jina tayari kabla mimi sijaamua chochote. Mwenye haraka alikuwa mimi na rejesta yangu.

Siku ya tisa Shija akaanza kutapika. Siku ya kumi na moja walimleta, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, hanyonyi. Nikaanza kuuliza maswali yetu ya kila siku: anaharisha? ana homa? Bibi akanikatiza. "Ni ule ugonjwa wa Doto."

Mheshimiwa, hapo nilikaa chini. Miaka miwili kabla, pacha yule wa kiume alifariki akiwa na siku kumi na nane, akitapika hivyohivyo, huku Kulwa dada yake akinyonya bila shida. Mtaani walisema ni mchango, maradhi ya tumbo. Kwenye kitabu iliandikwa kuhara na upungufu wa maji mwilini. Aliyeandika, mnisamehe, ni mimi.

Wakavuka kwa mtumbwi wa injini, wakapanda hiace hadi Busisi, na hapo wakasubiri kivuko pamoja na malori ya samaki. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na kila ninapolipita nahesabu dakika ambazo mama yule hakuwa nazo. Walipofika hospitali kubwa mjini mtoto alikuwa baridi. Daktari wa zamu, kijana, alianza kwa kufungua nepi kabla hajasoma barua yangu ya rufaa. Akaagiza damu ipimwe chumvi. Sodiamu ilikuwa chini sana, potasiamu iko juu. Hakungoja kujua zaidi: dripu ya chumvi na sukari, sindano ya haidrokotisoni, dawa ya homoni. Baada ya siku mbili Shija alikuwa ananyonya. Kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha mfuko wa uzazi. Majibu ya kromosomu yalichukua muda mrefu, na yalipokuja yalisema XX, yaani za kike.

Baba yake Shija anatengeneza kayabo. Kwa msomaji asiyekaa ziwani: ni sangara aliyepasuliwa, akakandamizwa chumvi na kukaushwa juani. Nyumba yao ina magunia ya chumvi mpaka chini ya kitanda cha wageni. Mtoto alikuwa anakufa kwa kukosa chumvi ndani ya nyumba hiyo.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita CAH kwa kifupi. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zinapungukiwa kimeng'enya cha kutengenezea homoni ya kotisoli, na mara nyingi ile inayozuia chumvi isitoroke na mkojo. Mwili ukiona kotisoli haitoshi unazidi kuzichapa tezi zifanye kazi, nazo zinamwaga homoni za kiume kwa wingi. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni humwagiwa homoni hizo, sehemu zake za nje zikaumbika kama za kiume, ilhali ndani ana mfuko wa uzazi na ovari zake kamili. Wa kiume mwenye ugonjwa uleule huzaliwa na umbo la kawaida kabisa. Hakuna wa kumshtukia. Anarudishwa nyumbani kwa furaha, na katika wiki ya pili au ya tatu anatapika, anakauka, anazikwa. Doto hakupimwa, kwa hiyo sitathibitisha kamwe. Lakini ugonjwa huu hutoka kwa wazazi wote wawili, wao wenyewe wakiwa wazima, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Duniani hukadiriwa mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000. Ni wachache, nakubali. Ila mkunga anayejua kitu kimoja tu, kwamba mtoto mwenye umbo la kiume asiyeshikika korodani hata moja achukuliwe kuwa ana ugonjwa huu mpaka damu ikatae, anaweza kuokoa mtoto kwa vidole vyake bila mashine yoyote.

Hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Haraka yetu tumeiweka mahali pasipo pake. Jinsi tunaiamua ndani ya dakika mbili, kwa macho, mbele ya ndugu. Damu, ambayo kweli haiwezi kusubiri, inangoja mpaka mtoto azimie. Geuzeni mpangilio huo. Damu ipimwe chumvi katika siku za kwanza na irudiwe wiki hiyohiyo, na jinsi isubiri wiki kadhaa majibu yapatikane. Hakuna mtoto aliyekufa kwa safu iliyoachwa wazi.

Mtaniuliza, kwani kuna nini cha kusubiri, mkunga mzoefu si anaona? Haoni. Mpaka wiki ya sita hivi ya mimba sisi sote tuna mwanzo mmoja, na njia zinaachana baadaye kwa amri ya jeni na homoni. Ikitokea hitilafu njiani, watoto wanaweza kuzaliwa na maumbo yanayofanana kama kulwa na doto huku sababu zao ziko mbalimbali. Mmoja ni kama Shija. Mwingine ana kromosomu XY, yaani za kiume, na korodani zilizofichama, ila mwili wake haugeuzi testosteroni, homoni ya kiume, kuwa ile homoni kali zaidi inayoumba uume. Anafanana na msichana, na akifika balehe sauti inakuwa nzito na uume unakua. Watoto wa namna hiyo katika Jamhuri ya Dominika waliripotiwa na watafiti mwaka 1974, na wengi wao waliolelewa kama wasichana waliishia kuishi kama wanaume. Mwingine ni XY pia, homoni anazo tele lakini mwili haukuzisikia. Na wapo wenye tishu za ovari na za korodani kwa pamoja. Nikiwa na tochi saa nane usiku, niwatenganisheje?

Kiswahili nacho kinatupungukia hapa, au tuseme tumekipunguza wenyewe. Neno huntha, la mtu ambaye umbo lake haliko wazi kuwa la kiume au la kike, lipo tangu zamani, vitabu vya sheria za Kiislamu vimemjadili huntha, mirathi yake na safu yake ya kusali. Siku hizi mahospitalini tunasema jinsi tata. Mtaani wanasema "jinsia mbili," neno ambalo ni tusi na pia ni uongo, maana hawa watoto hawana seti mbili kamili. Kuna maneno mengine ya visiwani ambayo sitayaandika, na kuna mambo niliyowahi kusikia wamefanyiwa watoto hawa ambayo pia sitayaandika.

Hospitalini Shija alipona, lakini kuna siku moja ambayo mama yake haisahau. Nepi ilifunguliwa na watu kumi na mmoja. Aliwahesabu. Madaktari, wanafunzi, muuguzi wa wodi nyingine aliyekuja "kuona," na mmoja ambaye Mama Kulwa anaapa alikuwa msafisha sakafu. Hakuna aliyemwambia anatafuta nini. Jioni mgonjwa wa kitanda cha jirani akasogeza vyombo vyake mbali kidogo. Hilo halihitaji bajeti, Mheshimiwa. Linahitaji pazia na mtu wa kusema "wawili wanatosha."

Kisha likaja suala la kisu. Mtu mmoja mwenye koti jeupe aliwaambia wazazi kwamba mtoto "arekebishwe" haraka, kabla hajajitambua, ili asije kuchanganyikiwa. Baba akanipigia simu: "Mama, tukubali?" Nikamwuliza, anakojoa vizuri? Anakojoa. Analia akikojoa? Hapana. Nikasema basi ngojeni.

Sikusema hivyo kwa ukaidi wa kizee. Wazo la kukata mapema lina historia. Katika miaka ya 1950, mjini Baltimore, Marekani, mwanasaikolojia John Money na wenzake walifundisha kwamba mtoto akipewa jinsi mapema, umbo likarekebishwa na wazazi wasisitesite, atakua nayo bila shida. Mfano uliosifiwa sana ulikuwa wa David Reimer wa Kanada, ambaye wala hakuzaliwa na tofauti yoyote. Mwaka 1966, akiwa na miezi minane, uume wake uliunguzwa katika tohara iliyokwenda vibaya, na kwa ushauri wa Money akalelewa kama msichana. Kijana yule alikataa. Alipoambiwa ukweli akarudi kuishi kama mwanamume, na alijiua mwaka 2004. Ukweli wake ulikuwa umechapishwa na madaktari mwaka 1997, baada ya miaka mingi ya watoto wa watu kukatwa kwa kufuata mafundisho yale. Wataalamu walikutana Chicago mwaka 2005, na tamko lao la 2006 likasema jinsi isiamuliwe kabla mtoto hajachunguzwa na wanaojua, kazi ifanywe na timu, na wazazi waelezwe kila kitu waziwazi. Malta ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015 ikapiga marufuku upasuaji wa namna hii kwa mtoto ikiwa unaweza kusubiri mpaka atoe ridhaa mwenyewe.

Najua madaktari wa upasuaji hawakubaliani wote, hasa kuhusu watoto wa kike wenye ugonjwa wa Shija. Mkojo ukiziba, pasueni, hakuna atakayewalaumu. Lakini upasuaji wa kuridhisha macho ya shangazi siku ya kuogesha mtoto, ule unaoweza kuacha kovu na ganzi mahali ambapo mwanamke mzima angetaka kuhisi, tunaufanya kwa niaba ya nani? Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema maslahi ya mtoto yatangulie na mtoto asikilizwe. Wa wiki tatu hawezi kusema. Wa miaka kumi na minne anaweza.

Sasa cheti. Baba Kulwa ni mtu wa utaratibu. Siku ya tano tu, kabla ya kutapika, alikuwa ameshamsajili mtoto, bure kama wanavyosajiliwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa kutumia tangazo la kizazi, karatasi ya zahanati ya kuonyesha mtoto amezaliwa, nililompa. Me. Majibu yalipotoka kwamba Shija ni wa kike akaenda ofisi moja ya usajili kurekebisha. Karani akataka barua ya daktari. Akaileta. Karani akasema barua haisemi kuwa kulikuwa na kosa, inasema kulikuwa na uchunguzi, na yeye fomu yake ni ya makosa. Akaambiwa alete kiapo. Akakileta. Akaambiwa aliyeandika mwanzo akiri kwamba alikosea. Nikaandika kukiri, nikasaini, nikagonga muhuri wa zahanati. Mara ya nne akaulizwa mbele ya foleni nzima, "Mzee, kwani ilikuwaje ikageuka?" Hakurudi tena. Ni mvuvi, ana mdomo mchafu kama wavuvi wote, na siku ile hakupata la kusema.

Mwezi uleule niliokuwa naandika Me, ng'ambo ya ziwa hilihili, makarani wa sensa wa Kenya walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na karatasi yenye nafasi ya huntha. Walihesabu 1,524, na huenda waliojificha ni wengi kuliko hao, lakini walihesabiwa. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisikiliza kesi ya mtoto ambaye hospitali ilimwandikia alama ya kuuliza kwenye nafasi ya jinsi, na akakaa miaka bila cheti. Jaji akaitaka serikali imtafutie mtoto yule cheti na itunge miongozo. Mwaka 2022 sheria yao mpya ya watoto ikawataja watoto hawa. Uganda nao, katika sheria ya usajili wa watu ya 2015, wana kifungu cha kubadili taarifa za mtoto aliyezaliwa hivi, ingawa kimeandikwa vibaya kidogo, kinataka kwanza awe amepasuliwa. Ziwa moja, samaki walewale, upepo uleule. Sensa yetu ya Agosti 2022 ilitoa watu 61,741,120, na kila mmoja ni Me au Ke.

Siombi jinsi ya tatu. Nimeshasikia watu wakianza kupandisha mabega, kwamba hizi ni ajenda za kuletwa. Wapandishe tu, Shija hakuletwa na ndege. Naomba kisanduku kimoja kwenye rejesta na kwenye tangazo la kizazi: "inachunguzwa." Kiwe na muda wake, tuseme miezi sita, mtoto akiwa na jina na cheti chake halali wakati huo wote, apate chanjo na bima kama wenzake. Majibu yakija, kituo kijaze, basi. Na kwa wale ambao tayari tumeshawaandika vibaya, barua ya daktari itoshe. Baba asitakiwe kusimulia sehemu za siri za mwanawe dirishani.

Dawa ndiyo naisemea mwisho, lakini kwa mama ndiyo ya kwanza kila asubuhi. Shija anahitaji haidrokotisoni na fludrokotisoni, dawa za kujazia homoni zinazompungukia, maisha yake yote, na akipata homa, kwa mfano malaria, kipimo cha haidrokotisoni hupandishwa mara mbili au tatu, la sivyo anaanguka upya. Shirika la Afya Duniani limeziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto. Zitafute kisiwani uone. Mama Kulwa hununua vidonge vya miligramu 10 mjini vikipatikana, visipopatikana anaagiza kwa dereva wa basi la Nairobi. Kila kidonge anakigawa mara nne kwa wembe juu ya kifuniko cha sufuria, amezima feni na kufunga dirisha vumbi lisipeperuke. Robo moja daima hutoka kubwa kuliko nyingine. Anaisaga, anaichanganya na maji kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Shija alipokuwa mchanga walimpimia pia chumvi kidogo ya kuchanganya kwenye maziwa. Bibi aliitunza kwenye kikopo cha mafuta ya kupakaa, mbali na ile ya samaki, na hakuruhusu mtu aiguse. Wekeni dawa hizi Bohari ya Dawa kwa vipimo vya watoto, zifike walau kila hospitali ya wilaya, na sindano ya haidrokotisoni iwepo kila kituo cha afya cha visiwani, pamoja na karatasi moja ukutani inayoeleza lini itumike.

Na wafundisheni wakunga sentensi ya kusema. Mimi niliitunga kwa kuchelewa, katika mwaka wangu wa mwisho kazini, alipozaliwa mtoto mwingine wa namna hiyo. Bibi yake alikuwa mlangoni, kama kawaida yao. Nikamwambia, "Hongera bibi, mmepata mtoto, analia vizuri. Sehemu zake za siri zimekua tofauti kidogo, kwa hiyo sitaotea. Tutampima, na kesho anakwenda hospitali na barua." Akanitazama kwa muda. Akauliza kama anaweza kumshika.

Shija ana miaka sita. Anapenda kupanga dagaa kwenye neti na kugombana na Kulwa. Januari anaanza darasa la kwanza, sare ya sketi imeshashonwa, na mwalimu mkuu ameomba nakala ya cheti. Cheti kinasema Me. Nimeitunza nakala ya barua ya daktari, ya kiapo na ya kukiri kwangu, zote kwenye bahasha moja, na ninaweza kuja popote mtakaponiita.

Wenu mtiifu,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Buchosa, mkoani Mwanza